Elmer Keith: Jamaa wa Mkono Ulioungua Aliyepika Risasi Hadi Dunia Ikapata .44 Magnum

Kama umekulia mtaani hii picha unaijua. Kibanda cha muvi cha mabati, benchi za mbao, TV ya mgongo, DJ Afro akipaa na stori, na staringi anatoa bastola kubwa mpaka majambazi wanaanza kukumbuka mama zao. Hakuna mtu kwa hicho kibanda huuliza hiyo bastola ilitoka wapi. Watu wanataka tu ilie.

Sasa leo tunauliza. 1971 Clint Eastwood alibeba bastola ya Smith & Wesson ya .44 Magnum kwa muvi ya Dirty Harry, na hiyo chuma ikawa selebu kuliko waigizaji wengine wote. Maduka Marekani yakaanza kuisaka. Lakini nyuma ya hiyo risasi hakukuwa na profesa wala mwanajeshi mwenye nyota begani. Kulikuwa na mzee mmoja mfupi wa milimani Idaho, kofia ya kauboi kubwa kuliko mabega yake, sigara nene mdomoni, na mkono wa kushoto ulioungua akiwa mtoto. Anaitwa Elmer Keith.

Hakuwa na digrii ya uhandisi. Mimi mwenyewe niliacha chuo kabla sijamaliza, kwa hivyo stori ya msee aliyefunza makampuni makubwa kazi yao bila makaratasi imenikaa vizuri. Lakini sikuandikii juu ya hiyo tu. Nakuandikia kwa sababu huyu jamaa alianza na bastola ambayo macho yake hayasongi, na kitu alichofanya ni somo hata kwa mtu ambaye hatawahi kushika bunduki maishani.

Moto wa Missoula

Elmer alizaliwa 8 Machi 1899, kule Hardin, Missouri. Akiwa bado mdogo familia ikahamia Montana, nchi ya farasi, ng'ombe na theluji. 1911 walikuwa wanaishi kwa nyumba ya vyumba vya kupangisha mji wa Missoula. Nyumba ikashika moto. Elmer alikuwa na miaka 12.

Alitoka hai, lakini si vile alivyoingia. Uso, bega na mkono wa kushoto viliungua vibaya sana. Mkono ulipopona, ulipona ovyo: kiganja kimejikunja nyuma, vidole vimeshikana. Watu wengi hawakutarajia huyo mtoto afikishe utu uzima.

Kulingana na stori aliyoiandika mwenyewe akiwa mzee, madaktari hawakutaka kuurekebisha huo mkono. Basi kijana akawaomba wazazi wake wauvunje tena, waunyooshe na kuufunga kwa ubao upone ukiwa umenyooka. Hebu fikiria hiyo siku, buda. Mtoto amekaa, fathe ameshika mkono wa mtoto wake, na hakuna dawa ya maana ya kuua maumivu. Wakafanya. Mkono ukarudi kufanya kazi. Haukurudi mzuri, lakini ulishika hatamu ya farasi, ulishika mtutu wa bunduki, na baadaye ulishika kalibu ya kusubu risasi.

Kuanzia hapo unaona tabia yake yote. Kama kitu kimekaa vibaya na hakisongi, huyu hakai akilia. Anatafuta pahali pengine pa kusukuma.

Bastola yenye macho yaliyogoma

Akakua kauboi wa ukweli, si wa Instagram. Alifuga, alifunza farasi wakali, aliongoza wawindaji milimani. Kiunoni alibeba bastola ya Colt Single Action Army, ile ya 1873 ambayo unaijua kwa kila muvi ya kauboi. Single action maana yake kila risasi lazima uvute nyundo nyuma kwa kidole gumba, kisha ndio ubonyeze kifyatulio. Ina vyumba sita kwenye silinda, lakini wenye akili walikuwa wanapakia tano na kuacha nyundo ikilalia chumba tupu. Ukiiangusha ikiwa imejaa sita, inaweza kukulipukia mguu.

Shida ilikuwa kwa macho. Bastola hiyo haina ile skrubu ya kusogeza shabaha juu, chini, kushoto au kulia. Nyuma kuna mfereji tu uliochongwa juu ya mwili wa chuma. Mbele, kwenye ncha ya mtutu, kuna kijino cha chuma kimesimama. Unaweka kijino katikati ya mfereji, unalenga, basi. Kiwandani wameshaamua itapiga wapi, na wameamua wakitumia risasi yao. Ile .45 ya kawaida ya hiyo Colt ilikuwa na kichwa cha risasi cha grein 255, kama gramu 16 na nusu hivi.

Sasa wewe ukiweka risasi nyingine ndani, macho yanakudanganya. Unalenga kopo, unapiga mchanga.

Sababu iko hivi, na ni tamu ukiielewa. Bunduki ikilipuka hupiga teke. Teke huinua mtutu. Na mtutu huanza kuinuka kabla risasi haijatoka nje. Risasi nzito na ya polepole inakaa ndani ya mtutu muda mrefu kidogo na inapiga teke zaidi, kwa hivyo inatoka mtutu ukiwa umeshaelekea juu, na inagonga juu ya ulipolenga. Risasi nyepesi na ya mbio inatoka mapema, mtutu bado uko chini, inagonga chini. Ni tofauti ya sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ukiwa yadi 25 ni tofauti ya kugonga na kukosa.

Wengi wangesema tununue bunduki nyingine. Elmer na wenzake wa kizazi chake waligeuza swali. Kama macho hayasongi, badilisha chakula. Pika risasi ambayo inaenda mahali macho yanaangalia.

Jikoni kwa Elmer

Kupika risasi ni kazi kama ya mama wa chapo. Viungo ni vinne tu. Ganda la shaba, ambalo ukishapiga unaliokota na kulitumia tena. Fataki, ile inayogongwa na nyundo na kutoa cheche. Baruti. Halafu kichwa cha risasi chenyewe, ambacho walikuwa wanayeyusha madini ya risasi wakichanganya na bati kidogo ili yakaze, wanamimina kwa kalibu, wanangoja yapoe, wanapaka mafuta ya kulainisha. Kiswahili chetu ni kitamu hapa kwa sababu madini na kitu kinachotoka kwa bunduki vina jina moja.

Kwa kauboi asiye na doo, hii haikuwa hobi ya matajiri. Risasi za dukani zilikuwa ghali, na za kupika nyumbani zilikuwezesha kufanya mazoezi kila siku. Ndiyo maana Elmer alipiga risasi nyingi kuliko watu waliokuwa na pesa.

Namna ya kuchagua ilikuwa na mpangilio, na ukiuvuruga unaumia ama unaharibu chuma. Kwanza unachagua kichwa cha risasi, uzito na umbo lake, kwa sababu uzito ndio unaamua kwa sehemu kubwa itagonga juu au chini. Ukibaki karibu na uzito ule macho yalitengenezewa, kazi imepungua nusu. Halafu unaanza na baruti kidogo na kupanda polepole, ukibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha fataki na baruti na kichwa siku moja, hutajua ni nani aliyekusaidia na nani aliyekuponza.

Kisha unaenda shambani, unaegemeza mikono mahali pamoja, unapiga karatasi. Hapa ndipo vijana wengi hukosea. Wanaangalia kama wamegonga katikati. Mpishi mzuri haangalii katikati kwanza. Anaangalia kama matundu yamekaa pamoja. Matundu matano yaliyobanana kwenye kona ya karatasi ni habari njema, kwa sababu hiyo risasi inajua inakoenda, ni vile tu haijaambiwa pa kwenda. Matundu yaliyotawanyika kama watu wamekimbia kanjo, hata moja likiwa katikati, hayana maana.

Baada ya kupata risasi inayobana ndio unauliza imekaa wapi. Imekaa chini? Unachukua tupa na kupunguza kijino cha mbele kidogo kidogo, maana kijino kikiwa kifupi utainua mtutu zaidi ili ukione, na risasi itapanda. Imekaa juu? Hapo tupa haikusaidii. Utatafuta kichwa chepesi au cha mbio zaidi, ama fundi akuwekee kijino kirefu zaidi. Imekaa kushoto au kulia? Risasi haitakuokoa sana hapo. Unaangalia kwanza unavyoishika, kisha fundi anageuza mtutu kidogo sana ili kijino kihame.

Na tupa inakuja mwisho. Chuma kikishatoka hakirudi. Ukichonga kijino kwa risasi ya leo halafu kesho ukapenda risasi nyingine, umefunga ndoa na kuvunja ndoa wiki moja.

Elmer alikuwa na tabia ingine ambayo iliwashangaza watu. Kwa masafa marefu hakuwa anainua bastola yote na kufunika shabaha. Alikuwa anaonyesha zaidi ya kile kijino juu ya mfereji, na shabaha inakalia ncha yake. Baadaye akaweka mistari ya dhahabu kwenye kijino, kila mstari kwa umbali wake. Macho hayasongi, sawa, lakini yeye aliyafunza kusema lugha zaidi ya moja.

4 Julai 1925: siku Colt ilipasuka

Lakini usidhani alikuwa malaika wa tahadhari. Hapa ndipo stori inakuwa noma.

4 Julai Marekani ni sherehe ya uhuru, watu wanapiga kelele na fataki. 1925 Elmer aliamka akaamua kusherehekea na Colt yake ya .45. Risasi alizokuwa amepakia alizipika mwenyewe na alikuwa ametafuta nguvu. Kichwa kilikuwa cha grein 300, cha bunduki ndefu, kinene kuliko kile bastola ilitaka. Baruti ilikuwa nyeusi ile ya zamani, lakini ameisaga laini ili iungue haraka na ijae zaidi ndani ya ganda.

Akapiga angani. Zikalia vizuri. Halafu moja ikalia tofauti.

Alipoangalia mkono wake, nusu ya juu ya silinda haikuwepo. Ile mbavu ya chuma inayopita juu ya silinda pia ilikuwa imeenda. Chuma kilipita karibu na kichwa chake na kikaendelea na safari. Mtu ambaye tayari alikuwa amenusurika moto akiwa na miaka 12, alikuwa amebakisha kidogo ajiue kwa sherehe, na kwa mapishi yake mwenyewe.

Sasa angalia alichofanya. Angeweza kunyamaza. Angeweza kulaumu kampuni. Badala yake aliandika kwa jarida la American Rifleman mwaka huo huo, akaeleza alichopakia na kilichotokea, wasomaji wote wa nchi wajue kosa ni la nani. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo mwandishi alizaliwa.

Na alipokagua mabaki alielewa kitu. Silinda ya Colt ina ukubwa wake, haiongezeki. Ukitoboa matundu sita ya .45, kuta kati ya tundu na tundu zinabaki nyembamba. Ukitoboa matundu ya .44 kwa silinda hiyo hiyo, kuta zinabaki nene. Chuma kile kile, tundu dogo kidogo, nguvu zaidi. Akaachana na .45 kwa mapishi mazito na kuhamia .44 Special, risasi ambayo watu wengi waliiona ya upole tu.

Mwaka uliofuata, 1926, alioa. Mkewe Lorraine aliishi na huyu mtu wa moshi na baruti karibu miaka 60. Huyo mama ndiye staringi ambaye hapewi sifa.

Mgeni na sanduku la bastola

Mwishoni mwa miaka ya 20 Elmer alikuwa anafuga kwa ranchi ya Durkee, Oregon. Siku moja akatembelewa na Harold Croft, jamaa wa Pennsylvania aliyesafiri kutoka upande ule mwingine wa nchi akiwa amebeba bastola zake alizobadilisha kwa fundi. Croft alikuwa amesoma stori za Elmer za kugonga vitu mbali sana na bastola na hakuwa ameamini. Alikuja kuona kwa macho yake. Wakapiga pamoja mpaka shaka ikaisha, urafiki ukaanza.

Kutoka kwa urafiki huo ikazaliwa bastola inayoitwa Namba 5. Ilikuwa Colt ya single action ya .44 Special, lakini mpini umeunganishwa kutoka aina mbili ili ukae vizuri mkononi ikipiga teke, mwili umeimarishwa, na macho, hatimaye, yanasonga. Elmer aliitangaza kwa American Rifleman ya Aprili 1929. Hiyo bastola bado iko, na imeshauzwa kwa mnada kwa makumi ya maelfu ya dola.

Wakati huo huo alichora kichwa chake cha risasi, na kampuni ya Lyman ikakitengenezea kalibu yenye namba 429421. Kilikuwa cha grein 250 hivi. Pua bapa badala ya mviringo, bega kali linalokata karatasi tundu safi kama la mashine ya ofisini, mfereji wa mafuta uliochongwa vizuri, na mfereji mwingine wa kubana mdomo wa ganda.

Huo wa kubana si urembo. Bastola ya teke kali inarudi nyuma kwa ghafla, na vichwa vya risasi zinazongoja zamu vinataka kubaki vilipokuwa. Visipobanwa vinachomoza kutoka kwa ganda, silinda inakwama, na uko mbele ya dubu na chuma ambacho hakizunguki. Hadi leo watu wanaopika risasi wanaita umbo hilo kichwa cha Keith.

Kwa baruti alianza na Du Pont No. 80, kisha Hercules 2400 ilipokuja miaka ya 30 akahamia huko na hakurudi. Ilikuwa inaungua polepole zaidi, ikisukuma badala ya kugonga. Tena inajaza ganda vizuri. Baruti ya haraka unaweka kidogo tu, na ukisahau ukaweka mara mbili inaweza kutoshea ndani usione, mpaka bunduki ikuonyeshe. Vipimo vyake siviweki hapa. Vilikuwa vikali hata kwa chuma alichokijua yeye, na vitabu vya siku hizi vinatoa vingine.

Miaka 30 ya kuambiwa hapana

Hapo ndipo hustle ya kweli ilianza. Elmer alitaka viwanda vitengeneze risasi kama zake: .44, grein 250, mwendo wa futi 1,200 kwa sekunde, karibu mita 365. Aliandika makala. Aliandika barua. Alizungumza na kila mtu aliyekuwa na kiti kwa viwanda hivyo.

1935 Smith & Wesson walitoa .357 Magnum, na Elmer alikuwa mmoja wa watu ambao majaribio yao yalichangia mawazo hayo. Lakini .44 ikabaki hapana. Sababu yao haikuwa ya kijinga. Kulikuwa na bastola nyingi za zamani za .44 Special kwa droo za watu. Wakiuza risasi kali, kuna mtu ataiweka kwa bastola ya babu, na itapasuka kama ile ya Elmer ya 1925.

Vita vya pili vikaja. Elmer akaenda kufanya kazi ghala la silaha la Ogden, Utah, kukagua bunduki za jeshi. Zile alizopitisha zilipigwa mhuri wenye herufi OGEK. Kuna watu leo wanalipa zaidi wakiona hizo herufi nne.

Vita vikaisha, akarudi kule Salmon, Idaho, akaendelea kusumbua. Miaka ya 50 hatimaye watu wa Remington na Smith & Wesson wakasikiza. Na lile swali la bastola za babu likapata jibu rahisi mpaka unacheka: wakarefusha ganda kwa moja ya nane ya inchi, kama milimita tatu. Ganda refu haliingii kwa silinda ya .44 Special. Basi. Miaka 30 ya hofu ikatatuliwa na milimita tatu.

Mwisho wa 1955 bastola ya kwanza ikakamilika, na mapema 1956 Elmer akapata yake. Mwaka huo huo Ruger nao wakatoa Blackhawk ya .44 Magnum, single action, kwa wale waliopenda mtindo wa zamani. Lakini sikiza hii: risasi ya kiwanda ilikuwa ya mbio kuliko hata alivyoomba. Mtu aliyeitwa kichaa wa nguvu alisema imezidi. Tena vichwa vya Remington vilikuwa laini, vilikuwa vinapaka madini ndani ya mtutu. Kwa hivyo baada ya kupigania risasi ya dukani miaka 30, mzee alirudi jikoni akaendelea kupika zake.

Waliomwita mwongo

1956 hiyo hiyo ndio ilimpatia maadui wa maisha. Akiwa anawinda na mwenzake, paa dume aliyejeruhiwa na bunduki ya mwenzake alikuwa anatoroka mlimani. Elmer akalala chini, akatoa .44 Magnum yake, akaanza kupiga kutoka karibu yadi 600. Hiyo ni zaidi ya viwanja vitano vya mpira vimepangwa. Alisema alimgonga.

Watu walimcheka. Wengine waliandika kwamba ni mzee wa uongo. Alichokuwa anasema kwa kweli hakikuwa kwamba watu wawinde hivyo. Mnyama alikuwa ameshajeruhiwa na anaenda kufa pole pole msituni, ndiyo maana akajaribu. Lakini fununu hazisomi sababu, hata zamani kabla ya Twitter. Alibishana nayo hadi uzeeni, na kitabu chake cha maisha cha 1979 alikipa jina Hell, I Was There! Ujumbe ulifika.

Mimi siwezi kukuambia kama paa alianguka vile alivyosema. Ninachojua ni kwamba msee aliyekuwa na mistari ya dhahabu kwa kijino cha bastola alikuwa amefanya hesabu ya umbali miaka mingi kabla ya hiyo siku. Ilikuwa mazoezi, si bahati ya mtu aliyefunga macho.

Alifika hadi huku kwetu

Mwishoni mwa miaka ya 50 Elmer alikuja Afrika Mashariki kuwinda, enzi za ukoloni wakati uwindaji wa leseni ulikuwa biashara kubwa. Wanyama wakubwa huku walimpa nafasi ya kujaribu imani yake kwamba risasi nzito inayokwenda kwa kiasi inashinda nyepesi ya mbio. 1968 akatoa kitabu kinaitwa Safari, jina alilolikopa kwetu bila kulipa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, na wengi wetu tunakubaliana na hiyo. Zile zilikuwa nyakati zingine.

1973 alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Mpigaji Bastola Bora wa Marekani. 1981 akapata kiharusi, na yule mtu wa kusema kila siku akanyamaza. Alifariki 14 Februari 1984, akiwa na miaka 84.

Tunabeba nini hapa?

Kabla hujaenda: hapa Kenya kushika bunduki au risasi bila leseni ni kesi, na kutengeneza risasi kejani ni kesi kubwa zaidi. Hata Marekani, penye ruhusa, kuna watu wamepoteza vidole wakiiga mapishi ya Elmer bila kusoma kosa lake la 1925. Hii ni stori, si resipe.

Lakini stori yenyewe ni yetu. Kila mtu ana macho fulani ambayo hayasongi. Nyumba uliyozaliwa. Mwili uliopewa. Karatasi ambayo hukupata. Elmer alipewa mkono ulioungua na bastola isiyorekebishika, na hakukaa akipigana na vile visivyosonga. Alipika, akapima, akabadilisha kitu kimoja kwa wakati, akangoja matundu yabanane kwanza ndipo akauliza katikati ni wapi. Na siku alipoharaka, chuma kilimpasukia mkononi, akakubali ni yeye.

Mtaani tunapenda kushika tupa mapema sana. Mwezi mmoja biashara haijalipa, tumeshachonga, tumeshahama, tumeshaanza ingine. Matundu yetu yamejaa karatasi nzima na hakuna mawili yaliyokaa pamoja.

Kwako ni kitu gani hakisongi, na unakipikia nini? Tuambie.